Vidokezo vya Kicheche

Roland Tordoff hulamba penseli kabla ya kuandika. Nianzie hapo, maana mtu akitaka kujua kinyaa changu kilianza wapi, kilianzia kwenye ule ulimi. Anautoa wote, wa kijivu, umekolea rangi ya chai pembeni, anaipitisha ncha ya penseli juu yake, kisha anaandika herufi moja. Moja tu. Halafu analamba tena. Miaka yote niliutazama ulimi huo kwenye meza ya baa ya mtaani kwetu hapa Skipton, na sasa nimelazimika kuutazama kwenye meza yangu mwenyewe ya jikoni, hatua mbili kutoka kwenye mkate wangu.

Mwenzake, Clive Ormerod, huchovya biskuti kwenye chai mpaka ilegee kabisa. Ikimdondokea kikombeni anaivua kwa vidole na kuila. Alikuwa mfamasia kabla ya kustaafu. Nikifikiria kwamba watu walimeza vidonge alivyovihesabu yeye, natamani kwenda kunawa mikono.

Mimi naitwa Avis. Kazi yangu ilikuwa kuwatahini madereva, na niliwafelisha wengi, wengine wakilia kwenye usukani, na sikuona sababu ya kuwaonea huruma. Mtu anayeingia barabara kuu bila kutazama kioo hahitaji huruma, anahitaji kurudi kwa mwalimu wake. Mume wangu Lionel alikuwa mpima ardhi siku za kazi. Jumamosi na Jumapili alikuwa Kicheche.

Watunzi wa chemshabongo, yale mafumbo ya gazetini ya kujaza maneno kwenye miraba, hawatumii majina yao. Kila mmoja anajipa jina la kujifichia, na wafumbuaji wanalijua hilo kuliko wanavyojua jina la mbunge wao. Lionel alijiita Kicheche kwa sababu, alisema, ni mnyama mdogo anayeng'ata. Kila mwezi gazeti letu la Jumamosi lilichapa chemshabongo yake, na kuna watu wazima waliokuwa wakiamka mapema kwa ajili hiyo tu. Nimeshikwa mkono na mgeni kwenye foleni ya samaki na viazi akiniambia mume wangu alimnyima usingizi. Niliuvuta mkono wangu.

Kwa asiyeujua upuuzi huu, kidokezo chao ni sentensi moja inayojifanya ya kawaida. Upande mmoja kuna maana ya neno linalotafutwa. Upande wa pili kuna namna ya kulijenga neno lilelile kwa kuzichezea herufi. Kazi yako ni kujua ukate wapi. "Hali si mbaya: ndani yake amejificha mfalme wa porini." Mwenye akili timamu anaona mtu anayewatuliza wenzake. Wao wanayaunganisha maneno "si mbaya," wanasoma herufi tano za mwanzo, na simba huyo hapo. Au, "Mali iliyovurugwa ni desturi." Unazivuruga herufi za mali, unapata mila, na mila ni desturi. Basi wanapiga meza, wanacheka mpaka wanakohoa, wanaagiza bia nyingine.

Sikuwahi kuupenda mchezo huo hata siku moja. Lakini nitasema haki ya mume wangu. Lionel alikuwa na sharti, na sharti lake nililiheshimu kwa sababu lilifanana na kazi yangu. Kidokezo chake kilikuwa na jibu moja, na ukishalipata, hukubaki na shaka. Kama ilikuwepo njia yoyote ya mtu mwingine kuja na jibu jingine na kulitetea, alikichana. "Hicho si kidokezo, Avis," alikuwa akisema huku anakitupa jikoni kwenye pipa la maganda. "Hicho ni utapeli." Nimeona akichana kazi ya wiki nzima kwa sababu ya neno moja lililoyumba.

Kiharusi kilimpata bafuni, ananyoa ndevu. Upande wa kulia ukafa. Akili haikuguswa. Anafuata taarifa ya habari, anajua nani kafariki, ukimsengenya anakutazama kwa jicho baya. Kilichoharibika ni mlango wa kutokea. Anatafuta neno "chai," linatoka "pazia." Anataka kuniita, anasema "Jumanne." Na anajua kwamba limetoka silo, maana uso wake unakunjamana, anajaribu tena, na linatoka jingine baya zaidi.

Hospitali walimtuma Nasreen, dada mmoja kutoka Bradford, anayewafundisha watu wa aina hiyo kusema upya. Alikaa na sisi sote, Roland na Clive wakiwepo, akatueleza polepole.

"Maneno yake msiyategemee," alisema. "Hayana maana iliyofichika. Yanaponyoka tu. Msimbashirie, msimmalizie. Muulizeni swali la ndiyo au hapana, halafu mtulie. Dole gumba juu ni ndiyo. Chini ni hapana. Kuna wakati hata kidole kitakosea, kwa hiyo ulizeni tena."

Roland aliitikia kwa kichwa muda wote. Alikuwa mwalimu wa Kilatini, na nimegundua kwamba walimu wanajua sana kuitikia kwa kichwa bila kusikiliza.

Kwa kuwa Lionel hakuweza tena kwenda baa, wakaanza kuja wao, kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Niliwakatia keki ya matunda na kipande cha jibini juu yake, kama desturi ya huku kwetu, nikawaacha. Siku moja nilitoka kidogo kwenda kununua maziwa. Niliporudi niliwasikia kutoka mlangoni. Vifijo, jamani, kana kwamba kuna aliyefunga goli.

"Ganzi!" Roland alikuwa akipiga kelele. "Ngazi ukiivuruga ni ganzi! Mzee huyu ni shetani!"

"Ngoja, ngoja," Clive naye, kinywa kimejaa keki. "Amesema ngazi, halafu akasema inamwagika. Kumwagika ni alama ya kuvuruga herufi. Ngazi inayomwagika! Kidokezo kamili!"

"Shemeji!" Roland aliponiona alinijia na gazeti mkononi. "Shemeji, bado yumo! Anatuambia mkono wake una ganzi, na anatuambia kwa kidokezo! Hali kama hii, na bado anatunga!"

Nilimtazama Lionel. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, macho kayakaza dirishani. Kisha harufu ikanifikia. Suruali ilikuwa imelowa, kiti kimelowa, na chini ya kiti, kwenye vigae vyangu, mkojo ulikuwa umefika kwenye kiatu cha Roland.

"Alisema ngazi mara ngapi?" niliuliza.

"Mara nyingi! Ndiyo maana tukajua si bure."

"Na alikuwa anaelekeza wapi kwa mkono?"

Wakatazamana. Clive ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Mlangoni. Tulidhani mlango nao ni sehemu ya kidokezo."

Choo chetu kiko nje ya mlango ule. Mume wangu aliomba kwenda chooni ndani ya nyumba yake, mbele ya marafiki wa maisha yake yote, na wao wakamfumbua. Wakapata na jibu. Nilitaka kutapika, na si kwa sababu ya mkojo. Mkojo wa mume wangu naujua, nausafisha, haunidhuru. Kilichonichefua ni ile furaha yao. Niliwaambia waende zao na wasikanyage tena kwangu.

"Shemeji, tusameheane, ni ajali tu," Roland alisema huku anafuta kiatu kwa leso aliyoirudisha mfukoni.

"Toka, Roland."

Nilidhani nimemfanyia Lionel hisani. Alhamisi iliyofuata nilimkuta amekaa ukumbini amevaa koti, ameelekea mlango wa mbele. Alikuwa amelivaa mwenyewe, mkono mmoja tu ndani, upande wa pili ukining'inia. Hakutaka kula. Nikachuchumaa mbele yake.

"Unawataka wale wawili?"

Dole gumba juu.

Nikakumbuka maneno ya Nasreen, nikauliza tena, kwa kweli nikiomba kidole kiwe kimekosea. Juu. Akakipandisha mpaka mkono wote ukatetemeka. Basi nikameza nyongo yangu na kumpigia simu Roland. Lakini niliweka masharti. Kila baada ya muda wamuulize kuhusu choo. Na wasiyaguse maneno yake.

Choo waliuliza. La pili hawakulishika. Niligundua mwezi uliofuata, Clive aliponionyesha kwa majivuno jarida la chama cha wafumbuaji, kile kijitabu chao kinachotumwa nchi nzima. Ukurasa wa katikati ulikuwa na kichwa cha habari, "Kicheche Anasema." Chini yake yalikuwa maneno ya mume wangu. Pazia. Jumanne. Ngazi inamwagika. Bata wa benki. Roland alikuwa akiyaandika pembeni mwa gazeti lake kila Alhamisi na kuyapeleka, na wasomaji walikuwa wakituma majibu. Bwana mmoja wa Norwich alikuwa amethibitisha, kwa aya nne, kwamba Jumanne ni jina la mto.

"Watu wanampenda, Avis," Clive alisema. "Angalia barua zote hizi."

Nilikitazama kile kijitabu nikaona kitu kile nilichokiona sakafuni siku ile. Hawa watu wamemweka mume wangu kwenye kiti, wanangoja kitakachomtoka, kisha wanakichota na kukinusa wakishangilia. Nilimwambia Clive hivyohivyo, kwa maneno hayohayo. Biskuti ilimdondoka.

"Si haki kusema hivyo," alinung'unika.

"Basi wapelekee maneno anayoyasema mkeo usingizini, tuone kama atakubali yachapwe."

Lionel sikumwonyesha. Labda ilifaa nimwonyeshe. Niliona aibu kwa niaba yao, jambo ambalo nalo lilinichukiza, kwa sababu wao hawakuwa na aibu hata chembe.

Halafu Alhamisi moja ya Februari Roland akaja amevaa tai. Alikuwa na bahasha kubwa, na hata keki hakuigusa. Akatoa karatasi nene iliyochapwa vizuri, akailaza mezani mbele ya Lionel. Ilikuwa chemshabongo nzima, miraba myeupe na myeusi, vidokezo vya Kulia, vya maneno yanayolala, upande mmoja, na vya Chini, vya maneno yanayoshuka, upande mwingine. Juu kabisa, kwa herufi nene: Imetungwa na Kicheche.

"Nimeichora mimi," Roland alisema, "lakini vidokezo vyote ni vyake. Kila neno alilitamka mwenyewe hapa jikoni. Nimepanga tu. Nilimtumia Philippa." Philippa Garside ni mhariri wa mafumbo wa gazeti letu. "Alilia, shemeji. Amesema Kicheche anarudi. Atachapa Jumamosi hii, na maelezo mafupi kuhusu ugonjwa. Anachotaka ni ridhaa ya Lionel tu, nimpigie simu leo kabla ya saa kumi. Ukurasa umeshatengwa."

Nikasoma. "Bata wa benki anafunga pazia." Jibu, kwa mujibu wa Roland, ni chura. Usiniulize kwa nini. Ningekuuliza wewe uniambie ni wapi hapo panapopatikana chura, na hutaweza, kwa sababu hayupo. Hivyo ndivyo vyote vilivyokuwa. Majibu yamelazimishwa kuingia kwa goti, na kila kimoja ungeweza kukipa majibu kumi. Mtu aliyechana kazi ya wiki nzima kwa neno moja lililoyumba, sasa gazeti zima lingekuwa na takataka yenye jina lake juu. Na wasomaji wangekuwa wapole. Wangesema maskini, amejitahidi. Jina ndilo kitu pekee alichokuwa nacho ambacho kiharusi hakijakifikia.

Lionel aliisoma polepole, kidole kikishuka kwenye vidokezo. Nilimwona anafika kwenye bata. Nilimwona anatambua. Shavu zima likaanza kumcheza.

"Sabuni," alisema.

Roland akachukua penseli.

"Sabuni," Lionel alisema tena, kwa nguvu, na akapiga meza kwa kiganja cha kushoto. "Sabuni! Sabuni!"

"Sabuni," Roland alirudia, na ulimi ukatoka, ukalamba. "Sa... buni. Jamani! Buni imo ndani! Buni! Anatuambia tubuni! Amekubali!"

"Amekubali kwa kidokezo!" Clive akapiga makofi. "Mzee wangu!"

Lionel alifumba macho. Nimeishi naye muda mrefu na sijawahi kumwona mtu amechoka vile.

"Funga mdomo wako, Roland, na uurudishe huo ulimi ndani," nilisema. "Lionel. Nitazame. Unataka hii ichapwe kwa jina lako?"

Nikatulia. Wao hawakutulia, walikuwa wakitapatapa kama watoto wanaobanwa na mkojo, lakini mimi nilitulia. Dole gumba lilijikunja, likashuka, likaelekea sakafuni.

"Hapana," nilisema. "Haya. Piga simu."

"Chini," Roland alisema taratibu, akitazama kile kidole. "Lakini labda anatuelekeza kwenye vidokezo vya Chini. Labda hivyo ndivyo anavyovipenda zaidi."

Naapa alisema hivyo. Mtu mzima, ana shahada, ana tai. Nilicheka, na kicheko changu mwenyewe kilinitisha. Kisha nikamwambia kwamba nimewahi kukaa kwenye gari na watu nusu vipofu, walevi, na mmoja aliyekuwa akiendesha kwa magoti, na sijawahi kukutana na binadamu anayeona alama ya kusimama na kuifanya iwe kitu kingine kwa makusudi namna hii.

Akawa mwekundu. "Shemeji, tuzungumze wazi. Wewe hukuwahi kuipenda chemshabongo. Hukuwahi. Unamuuliza kwa sauti hiyo, na uso huo, unategemea nini? Na Nasreen mwenyewe alisema kidole kinakosea."

"Alisema tuulize tena."

"Basi ngoja niulize mimi." Akaegemea meza. "Lionel, ndugu yangu. Unataka watu wakusahau?"

Dole gumba chini.

"Umeona!" Roland akageuka kwangu. "Hataki kusahauliwa. Sasa ni yupi kati yetu aliyeuliza vizuri?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilikuwa na hapana yangu, yeye alikuwa na hapana yake, na kati yetu alikaa mwenye kidole, anatutazama kwa zamu. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi. Nilijua Roland akitoka pale atampigia Philippa na kumwambia ndiyo, tena ataamini kabisa kwamba amesema ukweli. Mwongo ningemweza. Huyu alikuwa anaamini.

Lionel akanyoosha mkono wa kushoto. Haukuwa unakwenda kwangu wala kwa karatasi. Ulikwenda mpaka kwenye mfuko wa shati la Roland, ambamo kulikuwa na kalamu nene nyeusi ya wino, ile aliyochorea miraba. Akaichomoa. Alikivua kifuniko kwa meno na kukitema mezani.

"Anataka kuandika!" Clive alinong'ona.

Akaweka ncha kwenye mraba wa kwanza, juu kushoto, mraba mweupe, na kuujaza wino. Mkono ule haukuzoea kazi, ulikuwa ukitoka nje ya mistari. Akaujaza mpaka mweupe ukaisha. Akahamia wa pili.

"Anarekebisha muundo," Roland alisema. "Yuko sahihi, pale panahitaji mraba mweusi, mimi mwenyewe nili..."

Wa tatu. Wa nne. Mstari wote wa juu ukawa mweusi. Akashuka mstari wa pili, akaanza upya kushoto.

"Kama ni mchoro," Roland alisema, "labda anachora umbo. Labda ni mnyama. Clive, igeuze kidogo tuone..."

"Roland," Clive alisema. "Nyamaza."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpenda Clive Ormerod.

Kazi ile ilichukua muda. Kalamu ililia kwenye karatasi. Chai ikapoa, jibini likaanza kutoa jasho kwenye sahani, na hakuna aliyesogea. Wino ulipita karatasi na kuingia kwenye kitambaa changu cha meza, nikauacha upite. Jasho lilimtoka Lionel kwenye paji, na mate kidogo upande ule uliolala, na sikumfuta kwa sababu hakutaka kufutwa. Alijaza kila mraba. Alipomaliza hapakuwa na mahali pa kuweka hata herufi moja.

Hakuishia hapo. Akasogeza mkono juu ya karatasi, pale palipoandikwa Imetungwa na Kicheche, na akapitisha kalamu juu ya jina. Akarudia. Akarudia tena, mpaka karatasi ikachanika.

Kisha akaisukuma mbele ya Roland na kuilaza kalamu juu yake.

Roland aliitazama. Niliona midomo yake inaanza kutembea, nikajua anafanya nini. Alikuwa anaihesabu miraba. Alikuwa bado anatafuta. Nilijawa na chuki kiasi kwamba niliinuka nikiwa na kisu cha keki mkononi, sijui nilikusudia nini nacho. Kisha midomo ikasimama. Roland akazeeka mbele yangu, palepale kwenye kiti changu, na ile tai yake ya kijinga.

"Nilidhani yumo humo," alisema. Hakuwa akiniambia mimi, wala Clive. "Nilidhani nikiyapatia maneno, nitamkuta. Kama hayana maana, Avis, basi Lionel yuko wapi? Nakuja kila Alhamisi. Nazungumza na nani?"

Pua ilikuwa inamtiririka. Alijifuta kwa ile leso, na nadhani ilikuwa ileile, na bado ilinitia kinyaa.

"Yupo," nilimwambia. "Ndiyo maana anakataa."

Lionel alikuwa akimtazama Roland moja kwa moja, na hakubandua macho. Roland naye safari hii akamtazama yeye badala ya karatasi. Kisha akatoa simu na kubonyeza. Jikoni mlikuwa kimya, na sauti ya Philippa Garside tuliisikia sote, changamfu, inauliza habari za Kicheche.

"Amekataa," Roland alisema. "Itoe."

Halafu yule mama akauliza, kwa shauku, kama wote walivyo, "Amekataa? Amesemaje? Niambie alivyosema hasa, neno kwa neno."

Penseli ilikuwa mezani, pembeni mwa gazeti. Roland hakuishika. Alimtazama rafiki yake, mkono mweusi kwa wino mpaka kwenye kifundo.

"Amesema hapana," alisema.